Mkono kiunoni: niliyojifunza kwa kubeba bastola Minnesota

Kila baada ya wiki chache kijana fulani hunipigia simu, mara nyingi mgeni hapa Minnesota: "Kaka, nasikia wewe una kibali cha bastola. Nianzie wapi?" Habari ya fomu na darasa namaliza kwa dakika kumi. Kisha namwomba asikate simu, maana yaliyonigharimu mimi hayamo kwenye fomu. Nimeyasimulia vipande vipande mpaka nimechoka, basi leo nayaandika yote, hata yale ninayoyaonea aibu.

Mwanzo wake ni Oktoba 2022. Nilikuwa nimetoka zamu ya jioni, saa tano usiku, kwenye maegesho ya jengo tulilokuwa tunaishi wakati ule, kaskazini mwa Minneapolis. Nimeinama nyuma ya gari natoa mizigo. Nilipoinuka, mtu alikuwa amesimama hatua mbili mbele yangu, bastola ameielekeza tumboni kwangu. Hakupiga kelele. Alinong'ona tu: simu, pochi, funguo. Nikatoa. Akaondoka kwa miguu, bila hata kukimbia, nami nikabaki nimeshikilia buti ya gari kwa mikono miwili kana kwamba itaanguka. Simu nilinunua nyingine. Usingizi sikuupata tena kwa miezi.

Wiki ya tatu nikamwambia mke wangu nitanunua bastola. Mama Neema alinyamaza, kisha akauliza: "Usiku ule ungekuwa nayo, Baba Neema, ungefanya nini?" Nilimjibu kwa hasira kwamba haelewi. Swali lile lile niliulizwa na mwalimu wa darasa la silaha miezi minne baadaye, mbele ya watu kumi na wanne, na jibu nikalipata kwa vitendo. Alisimama hatua mbili mbele yangu na bastola ya plastiki mkononi, akaniambia nichomoe yangu ya plastiki kutoka kiunoni. Vidole vyangu havijagusa hata shati, yeye keshatamka "pa" mara mbili. Silaha niliyokuwa naitafuta kwa ajili ya usiku ule isingeubadilisha usiku ule. Nilielewa pale pale. Ila nilikuwa nimeshalipia darasa na nimeshachagua bastola dukani, na mtu akishafika hapo hutafuta sababu ya kuendelea, hatafuti ya kuacha.

Hilo nalihesabu kosa langu la kwanza: niliamua nikiwa bado natetemeka. Anayenipigia simu wiki mbili baada ya kuvamiwa namsihi asubiri angalau miezi sita. Ahame sehemu anayoegesha, adai taa, aongee na mtu kuhusu hofu yake. Baada ya hapo, akiitaka bado, basi tuzungumze.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Hapa Minnesota kibali unakiomba kwa sherifu wa kaunti unayoishi, unakwenda mwenyewe na fomu, leseni ya udereva na cheti cha mafunzo ambacho hakijapita mwaka mmoja. Ada haizidi dola 100, na sherifu ana siku 30 za kukubali au kukataa. Kibali kinadumu miaka mitano na kinakuruhusu pia kununua bastola. Mimi nilikuwa na grini kadi, na sheria ya jimbo inawaruhusu raia na wakaazi wa kudumu. Wenye viza za muda, wakiwemo wanafunzi, wasikilize vizuri hapa: sheria ya shirikisho, kwa kawaida, inawakataza kumiliki hata risasi moja, isipokuwa kwa njia chache kama vile leseni halali ya uwindaji. Nimemsikia mwanafunzi mmoja akisema atanunuliwa na binamu yake. Kumnunulia mtu mwingine ukajiandikisha wewe ni kosa la shirikisho, na linawavuta chini wote wawili.

Dukani utajaza fomu ya shirikisho, 4473, na mkaazi wa kudumu anaandika humo namba yake ya uhamiaji. Fomu ile inauliza kuhusu bangi. Minnesota iliruhusu watu wazima kutumia bangi tangu Agosti 1, 2023, na vijana wetu wengi wanadhani suala limekwisha. Halikwisha. Fomu yenyewe inaonya kwamba ruhusa ya jimbo haiondoi katazo la serikali kuu, na ukitia saini uongo pale umefanya kosa jingine kabla hujaishika bastola.

Gharama zangu, kwa ukweli wake: darasa dola 120, kibali 100, bastola 480, kasha la chuma la nyumbani 160. Ala ya kwanza ya kubebea bastola kiunoni ilikuwa ya kitambaa, dola 18, na hapo nilibania pesa mahali pasipofaa. Kitambaa kililegea baada ya wiki chache, kikawa kinakunjamana karibu na triga. Siku moja nikiwa nairudisha bastola kiunoni, nikahisi kitu kinaigusa triga. Nilisimama vile vile chumbani, sipumui, mpaka nikaichomoa taratibu na kuona ni ukingo wa kitambaa umeingia ndani. Risasi ilikuwa kwenye chemba, mdomo umeelekea pajani kwangu. Siku hiyo hiyo nilinunua ala ya plastiki ngumu inayoifunika triga yote, dola 75. Ukikosa pesa ya ala nzuri, bado huna pesa ya bastola.

Mwezi wa kwanza wa kuibeba ulinifundisha kwamba sheria zake nyingi zinahusu milango. Kibali cha Minnesota hakilazimishi kuificha, lakini mimi niliificha, kwa hiyo kila mlango nilioupita ulikuwa uamuzi wangu peke yangu. Hapakuwa na mtu wa kunikumbusha. Duka lililobandika tangazo la kukataza silaha, ukaambiwa uondoke ukakataa, faini ya mara ya kwanza haizidi dola 25. Shule ni jambo jingine kabisa: kumshusha mtoto huku bastola iko kiunoni kunaweza kukufikisha mahakamani ukiwa na kibali chako mfukoni, ukishatoka garini nayo. Nami nilikuwa namshusha Neema kila asubuhi. Mahakama na majengo ya serikali kuu nayo yana masharti yake. Pombe vilevile: kwa dereva kiwango cha pombe mwilini ni 0.08, kwa anayebeba bastola kinaanza kukubana kwenye 0.04. Kwenye sherehe chupa mbili tu zinaweza kukutia hatiani, hata kama hukuendesha gari wala kumgusa mtu.

Mimi nilianguka kwenye Posta. Nilikwenda kutuma kifurushi, nikaegesha, nikaingia, nikapanga foleni. Nikiwa wa tatu kutoka kaunta nikasoma tangazo ukutani: silaha marufuku katika eneo la Posta. Kanuni zao zilihusu mpaka maegesho, maana yake hata kurudi kuiacha garini kusingenisafisha. Nilitoka nje jasho likinitiririka wakati wa baridi. Hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililonitisha: ningeweza kuvunja sheria ya shirikisho kila wiki kwa mwaka mzima bila mtu kujua, mpaka siku ajali moja ndogo ya gari imlete polisi pale.

Kazini je? Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na mwajiri anakataza silaha ndani. Sheria ya Minnesota haimruhusu mwajiri kukataza kuiacha kihalali kwenye maegesho, basi yangu ilikaa garini kwa muda wa saa nane kila zamu, ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye mguu wa kiti. Fikiria hesabu hiyo. Niliinunua inilinde usiku, na usiku mwingi ilikuwa peke yake kwenye gari lisilo na mlinzi, ikimsubiri mwizi yeyote wa madirisha ya magari. Bastola inayoibwa namna hiyo hufika mikononi mwa mtu kama yule aliyeninong'oneza.

Na kibali hakivuki mpaka kama leseni ya udereva. Illinois haitambui kibali cha jimbo lingine lolote, kwa hiyo tunapokwenda kwa ndugu Chicago yangu inabaki nyumbani. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia mwenye kibali halali cha Pennsylvania alivuka kuingia New Jersey na bastola yake, akasimamishwa barabarani, akamwambia polisi mwenyewe kwamba anayo. Alikabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka mitatu na nusu. Hatimaye alinusurika kifungo, na mwaka 2015 gavana Chris Christie akampa msamaha, lakini mwaka na nusu wa maisha yake ulikwenda kwa sababu ya mto mmoja kati ya majimbo mawili.

Sasa nije kwa polisi, maana kwetu sisi Weusi sehemu hii haipitwi. Julai 6, 2016, Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni la shule, alisimamishwa barabarani Falcon Heights, karibu na St. Paul. Alikuwa na kibali. Alimwambia polisi kwa heshima kwamba anayo silaha, na muda mfupi sana baadaye alipigwa risasi ndani ya gari, mwenzake na mtoto mdogo wakiwa humo humo. Polisi yule alishtakiwa, na Juni 2017 baraza la mahakama likamwachia huru. Mimi huwa napita barabara ile. Sheria ya Minnesota haikulazimishi kutangaza kwamba umebeba. Inakulazimisha kujibu kweli ukiulizwa, na kuonyesha kibali pamoja na kitambulisho ukitakiwa. Ninachofanya ni hiki: nazima gari, nawasha taa ya ndani, mikono miwili juu ya usukani, na vitambulisho vyangu viko kwenye kibeba kadi juu ya dashibodi tangu naondoka nyumbani, si kwenye mfuko wa nyuma jirani na bastola. Nikiulizwa, naanza na neno kibali, kisha naeleza ilipo, kisha nasema sitasogeza mkono mpaka niambiwe. Sidai kwamba hayo yanatosha. Castile naye alikuwa mtaratibu.

Mwaka wa pili ulipita. Agosti 2024 tukahama nyumba, nikabadilisha anwani kwenye leseni ya udereva, nikasahau kwamba sherifu naye anapaswa kujulishwa ndani ya siku 30. Nilikuwa nimeizoea bastola mpaka nilikuwa siifikirii. Naamini mazoea yale ndiyo yaliyonifikisha kwenye asubuhi ninayotaka kuisimulia.

Januari 2025, saa moja kasorobo asubuhi, natoka zamu ya usiku. Baridi ilikuwa chini ya sifuri mbali sana, ile ya kukausha pua kwa ndani. Nilipita kwenye duka kumnunulia Neema dawa ya kikohozi. Marundo ya theluji yalikuwa yamebana njia za maegesho. Nikiwa narudi nyuma kutoka, mtu mwenye kitoroli akatokea nyuma yangu. Nikafunga breki, sikumgusa. Akapiga buti yangu kwa kiganja mara mbili, akaja dirishani. Maneno aliyoyasema siyaandiki. Alimaliza kwa kuniambia nirudi nilikotoka.

Naomba msomaji aione picha hii vizuri, kwa sababu wakili wangu alinifanya niichore kwenye karatasi. Milango imefungwa. Dirisha limefungwa. Injini inanguruma. Mbele yangu hakuna gari, na njia ya kutokea barabarani iko kama mita thelathini. Nilichotakiwa kufanya ni kusogeza gia.

Nikafungua mlango.

Nilisimama, tukawa mbali kama mita tatu. Nilivuta zipu ya koti, na zipu ya koti la baridi ni ndefu. Hata sasa naisikia ikishuka. Mkono wa kushoto ukainua sweta. Mkono wa kulia ukashika mpini wa bastola, glavu na yote. Sikuichomoa. Yule bwana aliangalia mkono wangu, na uso wake ukabadilika mara moja, ukawa mweupe na mdogo. Akainua mikono, akarudi nyuma ya kitoroli chake, nyuma zaidi, mpaka akafika ukutani.

Na mimi nikasikia raha. Nimelitafutia neno jingine hili na sikulipata. Kwa sekunde kadhaa ule uzito wa Oktoba 2022 ulinitoka kifuani, na niliuona ukiingia kwa mtu mwingine. Ndipo nikafunga koti, nikaingia garini, nikaondoka, nikidhani yamekwisha.

Sikupiga 911, namba ya dharura. Yeye alipiga. Hilo peke yake linapanga kesi: aliyepiga ameandikwa mlalamikaji, na aliyeondoka ameandikwa mtu mwenye silaha anayetafutwa. Sikufika hata kilomita mbili. Magari manne ya polisi, kipaza sauti, niambiwe nitoe funguo nje ya dirisha, nitoke nikiwapa mgongo, nirudi kinyumenyume, nipige magoti. Theluji iliingia kwenye suruali ya kazi. Nilikuwa nikimfikiria Castile na nikijiambia usikune pua, usikohoe. Nawashukuru walionizuia asubuhi ile kwa kutokuwa na papara.

Halafu nikafungua mdomo. Polisi mmoja, kwa sauti ya upole, aliniuliza kumetokea nini. Nikasema: "Sikuitoa. Nilitaka tu kumtisha aondoke." Nilidhani najitetea.

Nilikaa jela ya kaunti mpaka kesho yake mchana. Mama Neema alipata wakili kwa dola 4,000 za kuanzia, akiba yetu ya karibu mwaka mzima. Siku ya pili ya kukutana, wakili alinisomea jinsi sheria ya Minnesota inavyofafanua shambulio: mojawapo ya maana zake ni kitendo kinachofanywa kwa nia ya kumtia mtu hofu ya kuumizwa au kuuawa papo hapo. Akasimamisha video ya kamera ya kifuani ya yule polisi, akarudisha nyuma, nikajisikia nikisema kumtisha. Neno lile lilikuwa limejaza pengo ambalo mwendesha mashtaka angelazimika kulijaza mwenyewe. Shambulio la daraja la pili kwa silaha ya hatari linaweza kufika miaka saba, na silaha ya moto ikihusika kuna kima cha chini cha miaka mitatu, ingawa jaji ana nafasi ya kushuka chini yake katika hali fulani.

"Lakini mimi ndiye niliyetukanwa," nikamwambia. Akachukua kalamu akaandika mambo manne ambayo mahakama za Minnesota huyatazama mtu anapodai kujihami. Hukuwa mchokozi. Uliamini kwa dhati kwamba uko hatarini. Imani hiyo ilikuwa na msingi kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Na hukuwa na njia ya kuridhisha ya kuondoka. Alipofika la nne hakusema kitu, aliweka tu karatasi yangu yenye mchoro wa gari na zile mita thelathini pembeni yake.

Mimi nilikuwa nimejifunza sheria kwenye video za wakufunzi wa Florida na Texas. Florida iliondoa wajibu wa kuondoka mwaka 2005, na majimbo mengi yakafuata mkondo huo. Minnesota haikufuata. Hapa wajibu huo haukuhusu ukiwa ndani ya nyumba yako. Nje ya mlango wako, ukiweza kuondoka salama, unaondoka. Tena Julai 2024, katika shauri la Jimbo dhidi ya Blevins lililoanzia kwenye kituo cha treni Minneapolis, Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua kwamba wajibu huo unakubana hata kabla ya kutishia kwa silaha, sembuse kuitumia. Uamuzi ule ulikuwa na miezi sita tu nilipofungua mlango wa gari. Ulitangazwa kila mahali, na mimi niliyekuwa natembea na bastola kila siku sikuusoma. Darasa langu la 2023 lilikuwa limeshachakaa bila mimi kujua.

Wakili wa uhamiaji alikuwa wa pili, dola 350 kwa saa moja. Huyu ndiye aliyeninyima usingizi. Mwenye grini kadi akitiwa hatiani kwa kubeba, kumiliki au kutumia silaha ya moto kinyume cha sheria, hiyo ni sababu ya kuondolewa Marekani, haijalishi umekaa miaka mingapi. Kwa hiyo yale makubaliano ambayo raia angeyapokea kwa furaha, kukiri kosa dogo na kwenda nyumbani bila kifungo, kwangu yangeweza kuwa tiketi ya kuachana na familia. Ukikamatwa, wakili wako wa jinai aongee na wa uhamiaji kabla hujakiri chochote, hata kama unaambiwa ni faini tu. Na hata nisiposhtakiwa, fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuzuiliwa. Jibu langu sasa ni ndiyo, na karatasi zake ninazo kwenye bahasha.

Wiki kumi na moja baadaye barua ikaja: hawatafungua mashtaka. Kamera ya duka ilikuwa imezibwa na mlango wa gari langu, na yule bwana aliacha kupokea simu za ofisi ya mwendesha mashtaka. Hizo ndizo sababu mbili. Ya tatu sijitungii. Katika maelezo yake kwa polisi, ambayo wakili alinionyesha, alisema haendi tena duka lile asubuhi, anaomba mkewe aende. Nilisoma mstari huo mara nyingi. Niliufahamu kwa mwili wangu. Mimi pia kwa miezi nilimwomba Mama Neema ateremke yeye kutoa mizigo garini.

Makosa yangu ya siku ile yalikuwa matatu, na ningependa mtu ayachukue kama yalivyo. Nilitoka kwenye chombo kilichokuwa kinanilinda. Nilitumia bastola kuzungumza, na bastola haina lugha ya onyo: ama upo hatarini kufa sasa hivi na huna pa kwenda, ama mkono wako hauna kazi kiunoni. Kisha nikaongea pale nilipopaswa kusema jina langu, kuonyesha kibali, na kuomba wakili kwa adabu. Lile la anwani nalo lilijitokeza. Polisi aliona kadi ya kibali na leseni hazifanani. Faini yake ni ndogo, lakini ndani ya faili nene hata jambo dogo linakufanya uonekane mtu asiyejali.

Miezi ambayo bastola ilikaa kwenye stoo ya ushahidi, nyumba ilikuwa na utulivu ambao sikuutarajia. Nilikuwa nimesimamishwa zamu wiki mbili bila malipo, deni limekaa mezani, nalala mchana kutwa, siongei. Jioni moja Mama Neema aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anafurahi haimo ndani, na hakuwa anawaza wezi. Nilijua anachowaza kwa sababu nami nilikuwa nimekigusa kwa mawazo usiku mmoja. Mwaka 2021 silaha za moto ziliua watu 48,830 Marekani, na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua. Darasani tulifundishwa saa nzima kuhusu mvamizi. Kuhusu mwenye bastola siku anapovunjika moyo hatukuambiwa hata dakika moja. Ukiwa kwenye kipindi cha namna hiyo, mpe ndugu anayeruhusiwa kisheria akuhifadhie, au uliza duka la silaha au polisi wa eneo lako kama wanapokea kwa muda. Na namba 988, simu ya msaada kwa mtu anayewaza kujiua, inajibiwa saa ishirini na nne. Niliipiga. Aliyepokea alikaa nami kwenye simu mpaka kulipokucha.

Juni nilikwenda kuichukua. Karani aliweka kwenye kaunta sanduku la karatasi ngumu, ndani yake bastola imepitishwa waya wa plastiki katikati, magazini tupu pembeni, na bahasha ya khaki. Akamimina risasi kwenye trei akazihesabu kwa ncha ya kalamu, moja moja, kumi na moja, akanigeuzia karatasi nitie saini. Niliviweka kwenye buti, nikaendesha polepole kuliko siku zote.

Kasha la nyumbani nimelibadilisha. Sheria ya Minnesota inamwajibisha mtu mzima anayeacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kuifikia, na Neema, mwenye miaka tisa, alikuwa anaijua namba ya kasha la zamani. Aliniambia mwenyewe nilipomuuliza, bila kusita: ilikuwa tarehe yake ya kuzaliwa. Risasi sasa ziko kwenye chumba kingine, na namba mpya tunaijua wawili.

Kibali bado ninacho, anwani nimerekebisha. Darasa narudia kila mwaka japo sheria hainilazimishi, na maamuzi ya mahakama nayasoma. Kuibeba sasa ni jambo ninaloliamua kila siku upya, nikianza na maswali ya kawaida: nimelala? Nimekasirika na mtu? Nitapita Posta, shuleni, kazini? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote isipokuwa la usingizi, inabaki kwenye kasha. Kwa ratiba yangu, hiyo ni karibu kila siku.

Jana usiku nilitoka kwenda zamu. Kwenye maegesho palikuwa na mtu amesimama karibu na gari langu, anavuta sigara, na mkono wangu ukashuka kiunoni wenyewe, ukakuta mkanda tu. Nikasimama chini ya taa mpaka akamaliza sigara yake akaondoka, ndipo nikaenda kuwasha gari.